Mgongo wa Mwanasesere Huachwa Wazi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo akatupulizia roho, kazi ambayo hakuna fundi aliyewahi kuiiga. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyeongoka. Namshukuru kwa macho haya ambayo bado yanaliona tundu la sindano jua likiwa kali, na kwa vidole hivi ambavyo vimepinda lakini havijasahau.

Wajukuu zangu, na nyinyi wasichana mnaokuja kukaa kwenye mkeka wangu hapa Nyamugari, mjini Gitega, mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukishona wanasesere, hao ambao nyinyi mnawaita pupe. Nitaandika. Lakini somo la kwanza si kushona. Somo la kwanza ni kushuku.

Shuku kitambaa. Lowesha pembe yake kwa mate, uisugue kwenye kitambaa cheupe, uone kama rangi inahama. Shuku uzi: uvute karibu na sikio, maana uzi uliooza hulia kabla haujakatika. Shuku nyuzi za mgomba kuliko vyote, kwa sababu hizo ndizo nyama ya mwanasesere. Usizipime kwa kidole, kidole cha mshonaji kimekufa ganzi. Ziguse kwa mdomo wa juu. Zikikupa baridi, bado zina maji ndani, zirudishe juani. Mwanasesere aliyejazwa nyuzi mbichi hupendeza sokoni, na baada ya mwezi anaota ukungu huku mtoto wa watu amemlalia.

Haya nilifundishwa na Bi Mwajuma, fundi wa kofia na kanzu, aliyenipokea nikiwa msichana. Alikuwa akisema, "Kitambaa ni kama mposaji. Siku ya kwanza kinang'aa. Kifue kwanza ndiyo ukubali." Yeye mwenyewe aliolewa mara tatu, kwa hiyo tulimwamini kuhusu vitambaa tu.

Mwanasesere wangu wa kwanza alikuwa gunzi la hindi. Ulikuwa mwaka wa uhuru. Mama alikuwa amewashonea watu nguo za sherehe, nami nikayafunga mabaki ya vitambaa kwenye gunzi, nikalibeba mgongoni mpaka madrasa. Mwalimu akalichukua, akaligeuzageuza kama mtu anayekagua hati. Nikajua linakwenda motoni. Akanirudishia. Akasema Mama wa Waumini, Bi Aisha, naye alikuwa na wanasesere utotoni na hakukatazwa. "Ila macho usimtie," akaongeza. "Kuumba macho tumwachie mwenyewe." Tangu siku hiyo wanasesere wangu hawana macho, na miaka yote wanunuzi wamenishuku. Kwa nini hawa hawatutazami? Wanaficha nini?

Kuwashuku watu, hilo sikufundishwa na Bi Mwajuma. Nilifundishwa na miaka mibaya tuliyopitia, ambayo wazazi wenu wanaijua na sina haja ya kuirudia. Miaka hiyo ilipopita na barabara zikatulia, chama kimoja cha akina mama kilitafuta mshonaji wa kwenda Itaba, huko vilimani. Kazi ilikuwa kushona na wanawake wa vilimani wanasesere waliovaa kama bibi zetu walivyovaa: vazi la imvutano limefungwa begani, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Watu wa mjini na wageni walikuwa wakiwataka, na mwanamke wa kilimani angepata daftari za watoto na bati la nyumba bila kumwomba mume. Mafundi wawili walikataa kabla yangu. Mimi nilikubali, kwa sababu nilikuwa mjane na majirani walikuwa wamenichosha.

Wanawake tisa walinisubiri kwenye banda la matofali mabichi, kila mmoja ameegemea ukuta ili asipitwe kwa nyuma. Kiongozi wao alikuwa Siperansi, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi waliopo ng'ambo ya bonde.

"We Muswahili," akaniambia, "unatafuta nini huku?"

"Nimekuja kushona na nyinyi."

"Hakuna mtu anapanda mpaka huku juu ya kushona tu. Iko kitu ingine."

Mjue kwamba vilimani sisi Waislamu wa mjini tunaitwa Waswahili, na inasemekana Mswahili anaweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe ukamshukuru. Sikukasirika. Mimi nami nilikuwa nimeonywa mjini: ukifika kule, usinywe kitu.

Hapo kuna desturi ambayo nyinyi mnaanza kuisahau. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Iwe maji, iwe uji wa mtama, iwe ile pombe yao ya ndizi ambayo mimi siigusi, anapiga funda moja, anameza, ndipo anakupa. Hakuna anayeeleza kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini. Katika banda lile hata kuonja hakukutosha. Kila mwanamke alikuja na maji yake kwenye kidumu chake na sindano yake kwenye kola yake. Ukiazima sindano, hupewi mkononi. Inachomekwa kwenye mkeka, unaichomoa mwenyewe.

Kosa langu la kwanza liliwachekesha. Nilimshona msichana mwenye shingo ndefu, nikaona kichwa chake kimekaa kitupu. Nikachukua ganda la bua la mtama, nikalikata jembamba, nikamfunga nalo kuzunguka kichwa kama nilivyoona kwa wanawake wa zamani. Bibi Katarina, mkongwe wao, ambaye aliwahi kuona nguo za magome ya mti zikipondwa, akamchukua mwanasesere wangu akampindua.

"Mtoto wake iko wapi?"

"Mtoto gani, bibi? Huyu ni msichana."

"Umemvalisha urugori. Urugori inavaliwa na mama. Mwanangu, umemzalisha msichana ya watu na posa bado kufika."

Nikashona kitoto cha haraka, nikamfunga mgongoni. Siperansi akauliza, "Na baba yake ni nani?" Mwingine akajibu, "Sura haina macho. Baba ni Muswahili." Walicheka mpaka kazi ikasimama. Nilicheka nao, ingawa nilishuku wananicheka mimi.

Katika wale tisa alikuwepo mmoja ambaye hakucheka sana. Aliitwa Leokadia. Kwao ni Muyinga, lakini alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na alipozungumza alisema "tafadhali" na "naomba," maneno ambayo kule kilimani yalionekana ya mtu anayejificha. Aliolewa Itaba na mwanamume aliyefiwa na mke. Mume naye akafa kabla hawajapata mtoto. Leokadia akabaki kwenye kipande cha shamba, na mpaka wake ulipakana na migomba ya shemeji yake, Gaspari. Huyo Gaspari nilimshuku tangu siku ya kwanza, na kwake sikukosea.

Mikono ya Leokadia ilikuwa ya ajabu. Aliweza kukata urugori mwembamba kama uzi, bila kuupasua, na kuukunja ukiwa na umande wa asubuhi, kwa sababu bua likikauka linakatika. Siperansi alikuwa akisema, naye akisikia, "Anakata urugori vizuri ju hajapata wake." Leokadia alikuwa akilamba uzi, akiendelea.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, ambalo halikumchekesha mtu.

Nywele za wanasesere tulikuwa tukizifanya kwa nyuzi nyeusi za sufu kutoka Bujumbura. Mwaka mmoja mvua ikala barabara, milima ikaporomoka, magari hayakupita kwa muda mrefu. Tulikuwa na wanasesere kikapu kizima, wote vipara, na duka la Gitega linawasubiri. Nikaenda mtaa wa Musinzira, hapahapa mjini, kwa Mama Furaha, Mkongomani kutoka Uvira mwenye saluni ya kusuka.

"Mama Zainabu," akasema, "we unajifunika kila siku, leo unatafuta nini kwa saluni?"

"Natafuta meshi ulizofumua. Zile mnazotupa."

"Eh, beba zote. Hata ufagio wangu utapumzika."

Akanijazia mfuko wa nywele za bandia. Nilizichemsha kwa sabuni, nikazichana, nikazianika. Zilikuwa nzuri kuliko sufu. Nikapanda nazo Itaba. Siperansi akauliza zimetoka wapi. Nikasema, "Nimezipata Gitega, dukani." Neno la mwisho lilikuwa uongo. Nilijua wangezikataa kwa kinyaa, na duka lilikuwa linasubiri. Nikampa Leokadia mfuko wote, kwa kuwa yeye ndiye mwenye vidole.

Wanangu, meshi iliyofumuliwa haitoki kichwani peke yake. Inatoka na nywele za mwenye kichwa, zimejisokota penye fundo. Macho yangu hayakuziona. Na kilimani mtu akinyoa, hukusanya nywele zake akazifukia, asije mwenye chuki akaziokota. Mimi nilikuwa nimewaletea mfuko mzima.

Siperansi alichukua mwanasesere mmoja nyumbani kumalizia shanga. Binti yake Anjelika, mtoto mdogo, akamcheza. Siku chache baadaye mtoto akashikwa na joto, tumbo likavimba. Siperansi akamshuku kila mtu, halafu akamshuku mwanasesere. Akamvuta nywele. Zikatoka nywele za mtu, laini, za rangi ya kahawia kama za mtoto wake.

Nilipofika kilimani wiki ile, Leokadia alikuwa ameketi peke yake upande mmoja wa banda, na wote wengine upande wa pili. Gaspari alikuwa mlangoni, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale.

"Ameiba nywele ya mtoto, amefunga ndani ya pupe," akasema. "Mchawi anarudi kwao Muyinga. Shamba ya ndugu yangu inabaki kwetu."

Wazee wa kilima, bashingantahe, walikuwa wamekwisha kuitwa, wangekaa siku ya soko. Wakimtia hatiani, Leokadia anafukuzwa, na hakuna mtu Muyinga wala Itaba ambaye angempokea mwanamke mwenye jina hilo.

Na mimi nilinyamaza. Niliogopa wangesema Mswahili amebeba uchawi wa mjini, chama kikafa, na mimi nikashuka na mawe nyuma yangu. Lakini kuna jambo baya zaidi, na naliandika ili mlijue. Nilipokuwa nashuka kwenda nyumbani nilianza kumshuku Leokadia. Nilikuwa nazijua nywele zilikotoka, mimi mwenyewe nilizibeba, na bado nikajiambia: za saluni ni nyeusi, zile ni za kahawia, huenda kuna alizoongeza. Mwenye hatia hutafuta mtu wa kugawana naye.

Nilikuwa na mwanasesere mmoja wa kwake nyumbani. Nikamfumua mgongo. Ndani mlikuwa na nyuzi za mgomba, kavu, safi, zimepangwa kwa urefu kama nilivyofundisha. Nikamshona tena, nikamrudisha bandani kesho yake, nikamweka kwenye kikapu chini ya wenzake.

Leokadia akamtoa. Akapitisha kidole mgongoni, mara moja tu.

"Mama Zainabu," akasema kwa sauti ndogo, "huu mshono si wangu. Mimi nafunga uzi kwa fundo. Wewe unaurudisha nyuma mara mbili. Umemfungua."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umekuta nini?"

"Nyuzi za mgomba."

"Asante," akasema, akamweka chini. Angeweza kuwaambia wote kwamba nywele nilimpa mimi. Nilishuku anangoja niseme mwenyewe, na nilichukia kungojwa.

Mshono ni mwandiko, wasichana wangu. Usidhani ukifumua kazi ya mtu na kuifunga hataona.

Nikaenda kwa Mama Furaha kumuuliza kuhusu ile rangi ya kahawia. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Weye, kwani hujui? Iko wamama kibao wanapaka rangi. Nywele inakuwa kahawia, inakuwa laini, kisha inakatika. Ile ni ya wateja yangu. Nani amekufa?"

"Hakuna, bado."

"Basi enda useme mbele mtu afe, mama."

Siku ya soko wazee walikaa kwenye mabenchi nje ya banda, fimbo zao mikononi. Mzee wa kwanza akamuuliza Leokadia, "Nywele hizi ulizitoa wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Akatazama mikono yake. "Aliyenipa yupo hapa. Atasema akitaka."

Wallahi nilihesabu pumzi. Kisha nikasimama. Nikasema nywele ni zangu, nilizitoa saluni Musinzira, nilidanganya niliposema dukani. Nikafungua mfuko uliobaki, nikachukua kitana, nikazichana mbele yao, na nywele za watu zikatoka kwenye mafundo, nyeusi, kahawia, hata nyeupe moja. Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akafunga pua kwa kitenge.

Gaspari akasema, "Ni mamoja. Muswahili na huyu wameungana."

Ndipo Bibi Katarina akainuka kwa fimbo yake. "Anayetoa kinywaji anaonja," akasema. "We ndiye umetuletea. Unasema ni safi?"

"Ni safi. Anayedhuru ni Mungu akitaka, si nywele."

"Basi onja. Una mjukuu?"

Nilikuwa naye. Rehema, binti wa mwanangu Zainabu, miaka minne. Wazee wakaafikiana: Rehema achukue mwanasesere yuleyule aliyekuwa kwa Siperansi, alale naye, ale naye, mpaka siku ya soko ijayo. Asipopatwa na kitu, Leokadia anabaki. Akipatwa, anaondoka.

Nimesoma Kurani tangu utoto. Nimefundisha wengine kwamba hakuna awezaye kudhuru ila kwa idhini yake. Nilisema ndiyo kwa uso mkunjufu. Lakini nilipomtia mwanasesere kwenye mfuko, nilimviringisha kitambaa ili nywele zake zisiniguse, nami nikajua imani yangu nayo ilikuwa na nyuzi mbichi ndani.

Zainabu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, umemwingiza mwanangu kwenye kesi ya watu."

"Ndiyo."

"Wewe unashuku hata chumvi ya dukani, leo huna shaka?"

"Nina shaka. Lakini kosa ni langu, na mwanamke yule atafukuzwa."

Akafikiri. "Basi amchukue. Ila wewe huondoki karibu yake."

Rehema alimpenda papo hapo. Alimwita Mama Mkubwa, akamlisha wali, akamfokea kwa kutokuwa na macho. Siku ya kwanza salama, ya pili, ya tatu. Asubuhi ya nne akakohoa.

Nilimwekea mkono kwenye paji la uso: moto. Wajukuu zangu, sijawahi kumtazama adui kama nilivyomtazama mwanasesere yule. Nikamshika mguu nimtoe, nimtupe juu ya kabati. Rehema akamshika mguu mwingine, hakuachia. Nikaachia mimi. Nikambeba mtoto, naye akambeba mwanasesere, tukaenda dispensari hivyo. Muuguzi akasikiliza kifua, akasema ni mafua, nusu ya watoto wa Nyamugari wanakohoa, mvua hii. Akatupa dawa. Siku ya sita Rehema aliomba mandazi.

Siku ya saba nilipanda naye Itaba. Njia nzima nilifanya mazoezi ya neno moja: hakuugua. Nani angejua? Amepona, anaruka. Neno moja, na mwanamke anabaki na shamba lake. Nililiweka ulimini tayari.

Wazee wapo kwenye mabenchi. Gaspari yupo mbele. Leokadia alikuwa amefunga mzigo wake tayari, ameuweka miguuni, na hakuinua uso.

"Mtoto aliugua?" mzee akauliza.

Nilitazama ule mzigo. Nikakumbuka kwamba neno lililomfikisha pale lilikuwa dogo pia, "dukani."

"Aliugua," nikasema. "Siku ya nne alikohoa, akawa na homa."

Kelele ikapanda. Gaspari akageukia watu, "Mumesikia kwa mdomo yake mwenyewe." Leokadia akainama kuchukua mzigo.

"Sijamaliza," nikasema. "Pupe hakutoka mikononi mwake hata saa moja. Nywele ni zilezile. Nilimpeleka dispensari, akapewa dawa ya mafua, akapona amemkumbatia. Huyu hapa."

Rehema wakati huo alikuwa akimvua mwanasesere nguo mbele ya wazee, bila haya.

Bibi Katarina akagonga fimbo chini. "Muongo angesema hakukohoa," akasema. "Miye naamini."

Mzee wa kwanza akamgeukia Siperansi. "Pupe ameshinda wiki nzima Gitega. Binti yako amepona?"

Siperansi akatazama chini. "Oya, hajapona. Bado anaumwa."

"Amekwenda dispensari?"

"Nilikuwa nangoja kesi iishe."

"Kesi imekwisha, Leokadia anabaki. Mpeleke." Akamtazama Gaspari. "Na weye, migomba yako inakungoja. Ya huyu mama usiiguse."

Anjelika alikutwa na malaria na minyoo. Mungu akamponya. Siperansi hakumwomba Leokadia msamaha kwa maneno. Alimletea kibuyu cha maharage, na mbele yetu akatafuna moja bichi kabla ya kumpa.

Ndipo tulipoanza desturi ambayo nyinyi mnaiona leo na kuiona upuuzi. Mwanasesere akijazwa, mgongo wake hauzibwi na aliyemjaza. Unaachwa wazi. Mwenzako anatia kidole ndani, anapapasa, anatoa nyuzi chache, anazigusa kwa mdomo. Akiridhika ndipo yeye anaushona. Kwa hiyo kila mwanasesere wetu ana mishono ya wanawake wawili. Tunasema "ameonjwa." Nywele tumerudi kwenye sufu, na mvua ikikata barabara wanasesere wanafungwa vilemba.

Chama kilikua. Tulipata bei yetu kwa wenye maduka, watoto wakasoma, bati zikapanda. Lakini msidhani kila kitu kilipona pamoja na Rehema. Leokadia aliendelea kuja na maji yake. Alinisalimia kwa heshima, alinifundisha namna yake ya kukunja urugori, aliushona mgongo wa wanasesere wangu, ila nikimtilia chai, nikionja mbele yake, alisema, "Asante, nimeshiba." Nilikuwa nimemfungua mwanasesere wake kwa siri, naye hakusahau. Sikumlaumu. Nilimngoja kama yeye alivyoningoja. Ilikuwa miaka.

Kisha Muyinga wakatuita tuwafundishe. Tukaenda wawili, mimi na yeye, tukafikia uani kwa shangazi yake. Wanawake wengi kule ni Waislamu wenzangu. Nao pia hawakutaka mwanasesere atiwe macho, nikajisikia nyumbani. Walituzunguka, kila mmoja ameegemea ukuta, kila mmoja na kidumu chake, wakitutazama kama tulivyotazamana sisi zamani.

Palikuwa na jua kali. Shangazi akaniletea uji wa mtama kwenye kikombe kimoja, akauonja, akanipa ninywe, nimpe Leokadia. Nikakiinua kuonja. Leokadia akanyoosha mkono, akakitwaa kabla hakijafika mdomoni mwangu, akanywa mafunda matatu, akanirudishia.

"Wanatusubiri, Mama Zainabu," akasema, akifuta mdomo na kunisogezea mwanasesere aliyemjaza. "Mgongo wa huyu bado haujaonjwa."

Nikautia kidole.

Ewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akukaushie nyuzi zako kabla hujazificha, akupe wa kuupapasa mgongo wa kazi yako kwa haki, akukinge na neno dogo la uongo, na siku ukiungama akuwekee mbele yako mtu wa kukuamini. Akujaalie pia, hata kama itachukua miaka, mtu wa kunywa kikombe chako bila kungoja uonje. Amina.